Kutambua nondo wadogo wa miombo ya Tabora: anzia kwenye mmea

Nondo wengi wanaoruka usiku katika mapori ya Tabora ni wadogo kuliko punje ya mpunga. Mtu huwaona wamegota kwenye ukuta wa baraza chini ya taa, akawapangusa asubuhi kwa ufagio. Anayetaka kuwajua kwa kawaida huanza na rangi: anapiga picha moja kwa juu, anaiingiza kwenye programu ya simu, anarudishiwa jina la nondo wa Ulaya. Programu hizo zimefundishwa zaidi kwa picha za huko, na nondo wadogo wa Afrika waliopigwa picha na kupewa jina la uhakika ni wachache mno. Wengi hata jina la kisayansi hawajapata.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mwingine. Kwanza ujue nondo katoka kwenye mmea gani na makazi gani. Pili uangalie anavyokaa akitulia. Tatu uchunguze kichwa. Rangi na madoa ya mabawa tunayaweka mwisho, maana mabawa yamefunikwa magamba madogo mno yanayopukutika kama vumbi kila yanapoguswa, na nondo aliyezeeka hubaki na bawa tupu lisilosema lolote.

Tunaposema nondo mdogo, tunamaanisha yule ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi milimita 20 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta kioo cha kukuza mara 10, kile ambacho masonara wanabana jichoni. Vichupa vya plastiki vya vidonge, vilivyooshwa na kukauka kabisa, viwe ishirini au zaidi. Vikopo vya nusu lita vyenye mfuniko kwa ajili ya kufugia. Brashi laini ya kuchorea, tishu, rula yenye milimita, karatasi ya grafu, daftari na penseli. Usitumie kalamu ya wino: ikinyeshewa mara moja maandishi yote yanakwenda. Simu yenye kamera nzuri inatosha, hasa ukiibania ile lenzi ndogo ya kukuza inayouzwa kwenye maduka ya simu.

Jua makazi kabla ya kumjua nondo

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Lakini miombo haingojei mvua. Mitundu na miyombo hutoa majani mapya, mekundu na laini, Septemba na Oktoba wakati ardhi bado kavu. Viwavi wengi hutegemea majani hayo machanga kwa sababu yakishakomaa huwa magumu na yenye tanini nyingi. Ukitaka viwavi, anza kutafuta Oktoba. Ukitaka nondo wenye mabawa, usiku wa Novemba hadi Januari ndio wenye neema.

Tembea mchana kwanza, ugawe eneo lako kwa makazi, kila moja ukurasa wake kwenye daftari.

Miombo yenyewe: andika mti uliotawala. Mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, una nondo wake, na mninga una wake. Nondo wadogo wengi, hasa wale ambao kiwavi wao huishi ndani ya jani, hula mmea wa aina moja au jamii moja ya mimea. Ndiyo maana jina la mti likikosekana, nusu ya utambuzi imekosekana.

Vichuguu vikubwa: udongo wake una rutuba tofauti na ule wa tambarare inayokizunguka, hivyo hubeba kichaka cha mimea mingine kabisa, mara nyingi na mkwaju ndani yake. Usikichanganye na miombo. Kichuguu kimoja kina haki ya ukurasa wake.

Mbuga: tunazungumzia lile bonde la udongo mweusi linalojaa maji wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Huko ni nyasi na migunga. Pita taratibu mchana ukipangusa nyasi kwa fimbo. Nondo wa nyasi huruka hatua tatu nne, halafu hutua kwenye bua, mara nyingi kichwa chini, na kujizungushia mabawa hadi kuonekana kama kipande cha nyasi kavu. Kwenye migunga tafuta mifuko ya vijiti au miiba iliyoshonwa kwa hariri na kuning'inia: hao ni nondo wa familia Psychidae. Kiwavi huishi ndani ya mfuko huo maisha yake yote, na majike wa spishi nyingi hawana mabawa kabisa, hivyo taa yako haitawaona kamwe.

Magome: miti mikubwa ina mabaka ya kijivu na kijani yaliyoganda, yanayoitwa kuvumwani. Yako mabuu ya nondo wanaokula hayo tu, wa kundi la Lithosiini. Mti ukikatwa na mwingine kupandwa, kuvumwani huchukua miaka mingi kurudi. Kila tani ya kuni inayoingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku inaondoka na makazi hayo, na hili linatuuma, kwa sababu wadudu hawa wanapotea kabla mtu hajawaandika hata mstari mmoja.

Pembe na kwato: kwenye mapori ya upande wa Ugalla unaweza kukuta pembe ya mnyama aliyekufa ikiwa imeota vijiti vingi kama vidole vya udongo. Huyo ni nondo wa Afrika, Ceratophaga vastella, wa familia Tineidae, ambaye kiwavi wake hula pembe. Vile vijiti ni mirija aliyoijenga. Piga picha pembe ikiwa pale pale ilipo. Pembe, kwato na mfupa wa mnyamapori ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa hata kama ulizikuta zimeoza.

Kutega kwa taa

Shuka jeupe la pamba, upana wa mita moja na nusu kwa mbili, likazwe kati ya miti miwili na kipande cha chini kitandazwe ardhini, maana nondo wadogo wengi hutua chini kabla ya kupanda. Taa nzuri ni ya urujuanimno. Ile ndogo ya kukagulia noti bandia huvuta nondo kuliko balbu kubwa ya kawaida. Ukipata mkanda wa LED wa aina hiyo, wa volti 12, betri ya pikipiki inauwasha. Usiitazame taa hiyo moja kwa moja, inaumiza macho.

Chagua usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo au ukiwa bado mwembamba, hewa ya joto, mawingu, na bila upepo. Jua la Tabora huzama karibu na saa moja jioni. Washa taa kabla giza halijakamilika, kwa kuwa nondo wadogo sana huruka mapema, wengine ndani ya nusu saa ya kwanza. Anayewasha saa tatu usiku atapata wakubwa tu na kudhani wadogo hawapo.

Mambo yanayoharibu kazi ni haya. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hufunika shuka lote na kuwakanyaga wadogo. Zima taa dakika 40 hivi mpaka wapungue, halafu washa tena. Siafu wakifika, hamisha shuka, hutawashinda. Yuko pia mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, nzi wa Nairobi, anayekuja sana baada ya mvua: usimpondee kwenye ngozi, maji yake huchoma. Mpulize aondoke. Mchana ukitembea maeneo yenye mbung'o, vaa nguo za kaki, kwa sababu bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta.

Kabla ya yote hayo, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na walinzi wa sungusungu kwamba utakuwa na taa porini, lini na wapi. Mwanga wa zambarau usiku wa manane bila taarifa huzua maneno, na watakuwa na haki ya kukuhoji.

Je, ni nondo kweli?

Ukitega karibu na bwawa la Igombe au kingo za mto, nusu ya unaodhani ni nondo si nondo. Kuna wadudu wa maji wa oda ya Trichoptera wanaokunja mabawa kama paa na kunyoosha papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani, mbele. Weka kioo: mabawa yao yana nywele, hayana magamba, na hawana ule mrija wa kunyonyea uliokunjwa kama koili chini ya kichwa. Ukimgusa nondo kwa brashi, brashi hubaki na vumbi linalong'aa. Hao wengine hawaachi vumbi.

Picha

Mfunike nondo kwa kichupa pale alipotua, teleza karatasi chini yake, funga. Ndani weka kipande chembamba cha tishu, la sivyo unyevu utafanya tone na mabawa yatagandia kwenye plastiki. Andika namba kwenye kichupa papo hapo.

Kichupa kikae kwenye friji dakika 10 hadi 20, au kwenye boksi la barafu ukiwa porini. Atatulia bila kufa. Mhamishe juu ya karatasi ya grafu, upige haraka: juu, ubavu, na uso. Ile ya ubavu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoisahau. Bila hiyo huwezi kuona vigusio vya mdomoni vinaelekea wapi wala mwili umeinuka kiasi gani.

Lakini mkao wa kweli ni ule wa kwenye shuka au kwenye jani, kabla hujamgusa. Piga huo kwanza, hata kama picha itakuwa na ukungu kidogo.

Soma mkao, kisha kichwa

Nondo anayekaa kama herufi T, mabawa membamba yamenyooka pembeni, ni Pterophoridae. Bawa la mbele kwa kawaida limechanika vipande viwili na la nyuma vitatu, kila kimoja kama unyoya. Akiwa ametandaza mabawa kama kipepeo na kila bawa limechanika vipande sita, ni Alucitidae. Hawa wawili hata anayeanza hawakosei.

Anayeinua sehemu ya mbele ya mwili juu kwa miguu yake mirefu, huku ncha za mabawa zikigusa chini, papasi zikiwa ndefu kukaribia urefu wa bawa, ni Gracillariidae. Wengine wa familia hiyo hulala sambamba na jani, hivyo kukosa mkao huo hakumtoi. Hawa wanastahili muda wako kuliko kundi lingine lolote, maana kwenye miombo wako wengi na mmea wao unapatikana kwa kufuga.

Mwenye umbo la kengele akitazamwa kutoka juu, mabega mapana, ni Tortricidae. Hapa geuza kichupa umwangalie chini ya kichwa kwa kioo: mrija wa kunyonyea hauna magamba mwanzoni mwake. Kama mrija umevikwa magamba kwenye shina lake, huyo si Tortricidae. Tazama sasa vigusio. Vikipinda kwenda juu mbele ya uso, vyembamba na vyenye ncha, uko upande wa Gelechiidae na jamaa zake. Ikiwa papasi ni ndefu kuliko bawa na zimenyooshwa mbele zikiwa pamoja, fikiria Lecithoceridae. Vigusio vikinyooka mbele kama pua ndefu, ni Crambidae au Pyralidae. Hao wana kiungo cha kusikia chini ya mwanzo wa tumbo, viungo viwili kama vishimo vidogo, ambavyo unaviona kwa mdudu aliyekufa ukimgeuza chali.

Mwenye nywele zilizosimama ovyo kichwani, akitimuliwa anakimbia badala ya kuruka, mara nyingi ni Tineidae. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa Nepticulidae nao wana nywele kichwani. Wapime: Nepticulidae ndio nondo wadogo kuliko wote, upana wa milimita 3 hadi 10, na pingili ya kwanza ya papasi imetanuka ikafunika jicho kama kofia. Tineidae hawana kofia hiyo.

Bawa la nyuma nalo linasema. Kadiri nondo anavyokuwa mdogo, ndivyo bawa hilo linavyokuwa jembamba na nywele za ukingoni zinavyorefuka, hata kupita upana wa bawa lenyewe.

Ukishafika kwenye familia, simama utafakari. Spishi nyingi hazitofautishiki bila kupasua viungo vya uzazi au kupima DNA. Kuandika "Gracillariidae, kutoka jani la mtundu" ni taarifa kamili na ya heshima. Jina la spishi la kubahatisha ni uharibifu, kwa sababu mwingine atalinakili.

Kufuga kutoka kwenye jani

Hii ndiyo njia ya uhakika kuliko taa. Nondo wa kwenye shuka hujui alikotoka, wa kwenye jani unajua kila kitu.

Chuma jani lenye mstari uliopindapinda au doa lililopauka. Liinue kuelekea jua. Ndani utaona ngozi mbili za jani na nafasi kati yake, na ndani ya nafasi hiyo mavi ya kiwavi yamejipanga. Ukimwona kiwavi mwenyewe, mtazame kichwa: kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu cha rangi ya kahawia chenye mataya, kimebapa kwa kuishi ndani ya karatasi hiyo ya kijani. Akiwa hana kichwa kinachoonekana, ana ndoano nyeusi tu mdomoni, ni buu wa nzi mchimba majani. Mavi yake nayo mara nyingi huachwa kwa mistari miwili pembeni, wakati ya Nepticulidae kwa kawaida huwa mstari katikati ya njia.

Chagua majani ambayo kiwavi bado yumo. Handaki lenye tundu, tupu, litafaa kwa kumbukumbu tu. Kata kitawi kizima chenye jani hilo, weka kwenye kikopo juu ya tabaka mbili za tishu. Kikopo kimoja, mti mmoja, namba moja. Wengine hutoka kwenye jani na kujifungia pupa kwenye takataka za chini, hivyo tandika pia udongo uliochekechwa, sentimita moja au mbili.

Ukungu ndio adui mkubwa. Fungua kila asubuhi, futa matone, toa jani lililooza. Tishu iwe na unyevu wa kuhisi tu kwa kidole, isilowe. Kikopo kisikae juani hata dakika kumi. Jani likikauka kabla kiwavi hajamaliza kula, amekufa, kwa hiyo chuma waliokomaa, wenye handaki kubwa.

Usishangae ukitokewa na nyigu mdogo mweusi badala ya nondo. Ni kimelea aliyemla kiwavi. Mhifadhi na umwandike kwa namba ile ile, maana naye ni wa mmea huo na kiwavi huyo. Pupa asipotoka kwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi, usimtupe. Wapo wanaongoja mvua. Nyunyiza maji kidogo kidogo na uvumilie hadi Desemba.

Akitoka, mpe saa chache mabawa yakauke kabla ya friji. Jani lenye handaki libanwe katikati ya magazeti likauke, na libaki na namba ya nondo wake.

Wageni wanaochanganya

Karibu na nyumba na mashamba wamo nondo wasio wa asili ya hapa. Kantangaze wa kwenye nyanya alitoka Amerika Kusini. Chilo partellus anayetoboa mabua ya mahindi alitoka Asia, ilhali Busseola fusca anayefanya kazi hiyo hiyo ni wa Afrika. Ghala la mahindi, ghala la tumbaku na mzinga uliodhoofika vina nondo wao wanaosambaa duniani kote. Mzinga wa magome uliojaa nyuzi za hariri na masega yaliyotobolewa una nondo wa nta, na atakuja kwenye taa yako. Tega angalau mita 300 mbali na mizinga, maghala na bustani ukitaka wa porini. Wala usidhani kwamba mharibifu lazima awe mgeni: Thaumatotibia leucotreta anayeingia kwenye machungwa na mapera ni mzaliwa wa Afrika.

Lebo na uhifadhi

Ndani ya hifadhi ya msitu omba ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na ndani ya hifadhi ya taifa omba ile ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Utafiti rasmi unapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Picha kwenye ardhi ya kijiji zinahitaji ridhaa ya serikali ya kijiji.

Wale wachache unaowakusanya, waue kwa kuwaweka kwenye jokofu la kugandisha saa 48, kila mmoja kwenye kichupa chake. Lebo iandikwe siku hiyo hiyo kwa penseli, kwa mfano: "Tabora, Uyui, miombo ya mtundu, futi 50 kutoka kichuguu, 9.12.2024, kutoka handaki la jani la mtundu, Na. 31", pamoja na namba za eneo kutoka kwenye simu. Jina la familia liandikwe kwenye karatasi ya pili, ili likibadilika lebo ya kwanza isiguswe.

Boksi la kuhifadhia liwe na mfuniko unaobana na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, maana masika ya Tabora huotesha ukungu juu ya nondo ndani ya wiki moja. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu yake. Sisimizi wakipata njia, watakula mkusanyiko wote kwa usiku mmoja na kukuachia lebo.